Flopi Zilizokataa Kuandikwa

Bibi yangu alikuwa na lalamiko moja tu: hakuwa na mtu wa kumwamkia. Katika mtaa wetu pale Shinyanga yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. "Kazi yangu ni marahaba tu, kutwa marahaba," alikuwa akisema, kisha anacheka huku ameziba mdomo kwa mkono, maana meno yalishamkimbia. Kwa sababu ya meno hayohayo hakukubali kupigwa picha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, binamu yangu aliyekuwa na kibarua kwenye kampuni ya utafutaji dhahabu huko Geita alikuja nyumbani na kamera ya ofisini, ile isiyotumia filamu. Kazini waliipigia picha mawe. Alimvizia bibi akicheka, mikono yote miwili ikiwa kwenye unga, akampiga picha. Bibi alipoonyeshwa kile kioo kidogo cha kamera, alikisogeza karibu, akakisogeza mbali. "Sioni kitu. Niwekeeni kwenye karatasi, kubwa."

Nikajitia kimbelembele. Nilikuwa na ofisi ya kuchapa barua na kadi za harusi, kompyuta moja, printa moja, na majivuno yasiyopungua. Nikamwambia kesho ataipata. Binamu akanikumbusha kuwa Jumatatu asubuhi kamera lazima iwe kazini, tena tupu, kwa kuwa aliichukua bila kuaga.

Waya ya kamera ilikuwa ya mtindo wa zamani, na tundu lake kwenye kompyuta yangu lilishaunguzwa na radi. Lilibaki lile tundu jembamba la kisasa ambalo sikuwahi kulitumia. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Dubai. Akanitungulia msumarini waya ya kuunganisha ile ya kamera na tundu hilo jembamba, haina boksi wala jina la kampuni. Nikaichomeka kwa mbwembwe. Kompyuta ikadai draiva, yaani programu ndogo ya kuieleza hiyo waya ni kitu gani. Sikuwa nayo. Nikajaribu ya modemu, ya printa, hata ya kipanya. Zote zilikataliwa. Bibi alikuwa akichungulia mlangoni, "Imetoka?" Niligombana na binamu, nikagombana na feni. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Jumapili nikarudi dukani nimekunja uso.

"Shikamoo mzee. Waya hii ilikuja na nini?"

"Marahaba. Ilikuja na waya."

Kabla sijamjibu, katibu wa kwaya akaingia na kubwaga mezani flopi tatu, zile diski za plastiki za kuhifadhia kazi za kompyuta. "Mzee, flopi zako mbovu! Kila nikiandika, zinakataa." Mzee hakubishana. Alizitupia kwenye kopo la biskuti lililojaa nyingine. Alisema kila aliyezinunua alizirudisha.

Nikaokota moja. Kile kidude cha pembeni cha kufungua na kufunga hakikuwepo. Kiwanda kiliacha tundu wazi ili mtu asiandike juu ya kilichomo. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa na kitu ndani.

"Mzee, hizi zimetoka wapi?"

"Ndani ya pakiti. Mimi nafungua pakiti, waya naweka msumarini, flopi naweka kwenye kopo."

Ndivyo alivyouza kila kitu: tochi huku, balbu kule, betri mojamoja. Nilicheka mpaka naye akacheka, akaniazima kopo zima.

Flopi hazikuwa na maandishi yoyote, kwa hiyo nilizitia moja baada ya nyingine, nikitafuta ile yenye draiva ya waya yangu. Jioni kompyuta ikaikubali mojawapo, na picha ikaanza kushuka kwenye printa kidogokidogo, kuanzia kilemba. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Sikumbuki siku niliyofurahi hivyo ofisini.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Nilitegemea angecheka. Hakucheka.

"Mama mmempata wapi?" aliuliza. Mama yake alifariki zamani, hakuacha picha hata moja.

"Ni wewe, bibi."

"Najua ni mimi. Lakini sura hii ni yake."

Tukaibandika ukutani, kando ya kitanda chake. Asubuhi, binamu akiwa ameshaondoka na kamera yake tupu, nilikwenda kumwamkia bibi kama kawaida. Nikasimama mlangoni kwa sababu nilimkuta akizungumza. Alikuwa ameelekea ukutani, amepiga goti kidogo kama binti.

"Shikamoo, mama."