Mlango wa Gereji Ulivyonivua Nguo

Mlango wa gereji yetu hapa Sotik ulikuwa unashuka wenyewe, na mtoto wangu hupenda kucheza pale chini. Fundi alitoka Chepilat akautengeneza. Kesho yake ukashuka tena. Nikamwita, nikamwakia mbele ya mama mkwe, mtoto nimembeba mgongoni.

"Fundi gani wewe! Unataka uniue mtoto?"

"Mama, springi ni nzima, haki."

Papo hapo ndama wangu, niliyemfunga pale mlangoni, akaona nyasi akavuta. Mlango ukaja puu! Kumbe kila siku namfunga kwa kamba ya kuteremshia mlango. Nikampapasa mtoto mgongoni, yuko salama; aibu baadaye.

Mama mkwe akajishika mbavu. "Mama Chela, wachana na fundi wa watu. Mwenye kufunga huu mlango ako na mkia."