Mtandio kwenye Kioo cha Sikio

Jirani yangu wa meza hajui kutulia. Goti lake la kulia hutikisika kutwa nzima, kiti kinalia kwi kwi kwi, na siku mambo yakimwendea mrama hunyanyuka kila baada ya dakika mbili kwenda kugusa dirisha kama limefungwa. Hospitali nzima inamwita Sikio. Ni mpokea simu kama mimi, haoni tangu utotoni, na kwa miaka kumi na mmoja tumegawana chumba kimoja chembamba chenye meza mbili, feni moja na simu zisizokoma.

Kompyuta yake ina kioo kama yangu, ila kimezimwa. Anasema cha nini, kinaongeza joto bure. Mimi nilishakigeuza msumari: nikiingia asubuhi natundika mtandio wangu pale. "Jirani, umenifunika uso tena," hunitania, nami humjibu kuwa uso wenyewe si wa kutazamika.

Kazi aliifanya kwa kisoma skrini, yaani ile programu inayomsomea kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kompyuta. Peke yake ilikuwa inasoma kila takataka, basi Sikio akaitungia skripti, maelekezo mafupi ya kuitia adabu: nikibonyeza hapa, niambie simu inatoka wapi, nikibonyeza hapa, nitajie daktari wa zamu. Alitunga zaidi ya arobaini, moja moja, katikati ya simu. Mtu akiuliza wodi ya watoto, mimi bado natafuta miwani, yeye ameshamuunganisha.

Kisha zikaja kompyuta mpya. Fundi wa kompyuta akatueleza kwamba kisoma skrini cha zamani hakikubali kwenye mashine hizo, na kipya hakielewi skripti za Sikio hata moja. Skripti ni kama kupe. Ng'ombe akifa, naye hana kwake. Katibu wa hospitali, mama mwenye maneno machache na viatu vyenye kelele, akampa wiki tatu. Akipata njia ya kufanya kazi kwenye mashine mpya, sawa. Asipopata, "atapangiwa kazi nyingine." Kazi nyingine tunaijua sote: ni benchi la nje ya stoo, ambako mtu hukaa mpaka astaafu.

"Benchi sikai mimi," akasema Sikio. "Skripti zote nazitoa humo, nazifanya programu inayojitegemea. Itaongea yenyewe, haitambembeleza mtu."

Wiki tatu hizo nilikoma. Goti, kiti, dirisha. Mkewe, fundi cherehani, aliyezoea kuniita wifi kwa utani, alinipigia: "Wifi, kaka yako ana nini? Anazunguka meza kama kuku anayetaka kutaga. Jana kanikanyagia gauni la mteja!" Nikamwambia avumilie, yai linakuja. Lakini na mimi roho ilikuwa juu. Wakimtoa pale wangeniletea mtu mwingine, na mimi mtu mwingine simtaki.

Yai likaja kweli. Alhamisi Sikio alichomoa hedifoni ili nisikie. Akabonyeza, na kompyuta mpya ikasema yenyewe, bila kisoma skrini: "Simu kutoka wodi ya wazazi." Akabonyeza tena: "Daktari wa zamu, upasuaji." Nilipiga makofi. Kusikia nilisikia, ila kutazama sikutazama. Mtandio wangu ulikuwa pale pale, juu ya kioo kipya.

Ijumaa saa tatu asubuhi viatu vikaingia. Sikio akapokea simu sita mbele ya katibu, hakupoteza hata moja.

"Vizuri," akasema katibu. "Siku ukiumwa, nani anashika meza hii?"

"Jirani."

"Basi naye aitumie, nimwone."

Nikakaa, nikaondoa mtandio, nikawasha kioo. Programu ikafunguka: dirisha la kijivu. Ndani yake vitufe vya kijivu vimejipanga safu safu, vitupu, bila herufi hata moja. Majina yote Sikio aliyapeleka kwenye sauti. Kwenye kioo hakuandika neno. Nikabonyeza kimoja kwa kubahatisha, akapokea mtu wa mochwari.

"Mbona hamna kitu?" akauliza katibu.

"Hamna kitu wapi?" akauliza Sikio.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia. Goti likasimama, kiti kikanyamaza, na ukimya ule sikuupenda kabisa.

"Programu ya mtu mmoja siwezi kuipokea," akasema katibu. "Nina kikao. Saa tano nitapita tena hapa." Viatu vikaondoka.

"Jirani," akasema Sikio polepole, "kila siku nawalaani watu wanaotengeneza vitu bila kukumbuka kwamba na mimi nipo. Kumbe nami ni wale wale. Nyani haoni kundule."

"Wewe hata la mwenzio hulioni."

Akacheka, si sana. Nilimwonea huruma, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Mwenye macho ni mimi, na kwa wiki tatu sikusogeza hata kitambaa.

"Vuta kiti," akaniambia. "Nisomee."

Basi nikawa mimi kisoma skrini. Yeye anaandika, mimi nasema kinachoonekana.

"Cha kwanza, wodi ya wazazi. Cha pili neno limekatika, nasoma 'chumba cha upasu'."

"Nipanue?"

"Panua. Bado. Sasa umezidisha, kimemlalia mwenzake!"

Simu zinalia kwenye meza yangu, nazipokea huku shingo nimeigeuzia kwake.

"Maandishi ni ya rangi gani?"

"Meupe. Juu ya kijivu, nayaona kwa shida."

"Sasa si useme mapema! Wewe kisoma skrini gani, huna hata skripti moja?"

Saa tano viatu vikarudi. Katibu hakuniambia nikae, alikaa mwenyewe. Simu ikalia, akasoma, akabonyeza, wodi ya watoto wakapokea. Ikalia nyingine, akaiunganisha nayo. Akanyanyuka.

"Jumatatu muiweke na kwenye meza ya pili," akasema, akaenda zake.

Goti likaanza upya, kwi kwi kwi, nikamshukuru Mungu. Sikio akanyoosha mkono kuzima kioo, kama alivyozoea. Nami nilishashika mtandio, nangoja. Vidole vikafika kwenye kitufe, vikakaa hapo kidogo, vikarudi mezani.

"Kiache kiwake," akasema. "Mtandio wako utafutie msumari."