Bampa Lililookoa Mguu Wangu

Kosa ni langu. Nimeanza kuandika haya mara tatu, na mara zote nikajikuta nalaumu barabara, vumbi na fundi. Mtu aliyesoma sana hupata maneno ya kujitetea hata pale ambapo hajashitakiwa. Leo nasema bila kuzunguka: nilimvunja mtu mguu kwa makusudi, kisha nikasimama nikitazama anavyopigwa.

Mimi ni mwalimu, umri umevuka arobaini na mitano. Nililetwa huku Mbinga kutoka mkoa wa mbali, na pikipiki ndiyo miguu yangu. Kila Jumamosi nilikuwa nateremka na barabara ya vumbi kutoka Kitai hadi Lituhi, ziwani, kununua mbasa. Namtamani samaki huyo kuliko ninavyotamani kusahihisha mitihani.

Pale Kitai, waendesha bodaboda walikuwa na ubishi usiokwisha: je, bampa lina faida? Ni kile chuma kinachofungwa mbele, pande zote mbili za injini, ili pikipiki ikianguka ilalie chuma, isilalie mguu wako. Wapo walioapa kwamba bila bampa hawapandi kilima. Wengine walisema ni uzito wa bure. Mimi nikatoa mhadhara, kama kawaida yangu. Nilisikilizwa kwa adabu, kama walimu wanavyosikilizwa, yaani hakuna aliyebadili mawazo.

Aliyenipinga waziwazi ni Osmundi, baba wa watoto watatu. Yeye alikuwa anabeba mahindi na kahawa kwenye vijia vya mashamba ya Matiri, na huko bampa hunasa kwenye mibuni. Akasema kwamba chuma kile hakimpi mtu usalama, kinampa kiburi. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Huku kwetu msimu wa kahawa ukifika, bampa hugeuka kichanja: furushi huku, furushi kule. Nami nikataka langu libebe ndoo za samaki. Nikamwambia fundi aongeze nondo, zitokeze shubiri moja kila upande. Akauliza kama azikunje ncha ziangalie ndani. Nikamwambia aziache zimenyooka, zipate kushika ndoo vizuri. Nikaondoka na pembe mbili za chuma, usawa wa ugoko wa mtu.

Chuma kina maajabu yake! Ndani ya wiki mbili nilikuwa mtu mwingine. Mbuzi akichelewa kuvuka, namsukuma. Baiskeli ikija mbele yangu, sisogei. Nilimchubua mbwa wa watu ubavuni, nikajiambia amejitakia.

Asubuhi moja nateremka Lituhi na ndoo zangu tupu, nikiwa katikati ya barabara kama mwenye nayo, Osmundi akaja nyuma na gunia la mahindi. Akapiga honi. Sikusogea. Akapunguza mwendo tulipofika penye wanawake walioanika muhogo kando ya njia, akaja sambamba nami upande wa kulia, akapaza sauti wasikie.

"Mwalimu, kunja pembe, ng'ombe wengine wapite."

Wanawake wakaangua kicheko. Ni hicho tu! Hakunitukana wala hakunigusa. Tukaenda sambamba hadi tukapita kona, pasipo na mtu wa kutuona. Nikakata usukani upande wake.

Baadaye nilijiambia kwamba nilitaka kumtisha. Uongo! Nilitaka aanguke.

Nondo ilimwingia ugokoni. Nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa kwenye goti. Tukaanguka wote wawili. Pikipiki yangu ililalia bampa, sawasawa na nilivyohubiri, na mguu wangu ukabaki kwenye nafasi yake, hata suruali haikuchanika. Ya kwake ilimburuta hadi mtaroni. Gunia likapasuka, mahindi yakamwagika juu ya damu. Kisigino chake kilikuwa kimetazama mbele.

Wanaume wakaja mbio kutoka mashambani, majembe mikononi. Wakanisalimu kwanza, fikiria! Kisha wakaniuliza imekuwaje.

"Amenichomekea," nikasema.

Shahada yangu yote, na neno lililotoka ni hilo.

Walikuwa na kinyongo na bodaboda. Siku chache kabla, mmoja alikuwa amemgonga mtoto wa pale akakimbia. Wakamwangukia Osmundi kana kwamba ndiye. Teke la kwanza lilimpata mbavuni, la pili mdomoni. Mmoja alimpiga mgongoni kwa mpini wa jembe. Mwingine akaukanyaga mguu uleule. Ukelele alioutoa sitauandika. Kisha akageuza uso, meno yamejaa damu, akanitafuta kwa macho.

"Mwalimu, sema kweli."

Nikakung'uta vumbi kwenye suruali.

Aliyewaachisha ni mama mmoja mtu mzima, aliyewafokea kwa Kimpoto mpaka wakarudi nyuma. Hapo ndipo nami nikapata huruma. Nikasimamisha gari, nikampakia, nikamshika kichwa njia nzima hadi hospitali. Walimkata mguu chini ya goti.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja kwangu na kuku. Nikamwamkia, akaitikia, akanishukuru kwa kumwokoa mwanawe. Nikampokea yule kuku. Nikamla!

Ilinichukua miezi minne kwenda kwa Osmundi. Nilimkuta kwenye kigoda akipukuchua mahindi, mguu mmoja wa suruali umefungwa fundo. Nikaanza hotuba yangu ya kuomba radhi, niliyokuwa nimeiandaa kama somo. Akaniacha hadi mwisho, vidole vyake vikiendelea na kazi.

"Mimi nilikuwepo, mwalimu," akasema. "Wanangu wanaambiwa baba yao alijivunja kwa ujinga wake. Kawaambie wale walionipiga."

Sijaenda. Nimekuja kwenu, msionijua jina wala sura, maana kwenu ni rahisi.

Mnaouliza kama bampa lina faida, lina. Mguu wangu mzima ni shahidi. Fungeni, lakini lisitokeze, na ncha zikunjwe, hata kama ndoo zitamwagika zote. Ukiona chuma kimeanza kukupa ujasiri wa kumsogelea mwenzako, shuka utembee. Na ukishakosa, sema palepale, mtu angali chini. Akishainuliwa na kupelekwa, ulimi hupata visingizio, navyo haviishi.

Wale wanaume wa barabara ya Lituhi bado wananikumbuka. Kila nikipita wananyanyua mikono, wanasema, "Shikamoo, mwalimu."

Naitikia marahaba.