Mchele Juu ya Tumbo

Mume wangu alirudi kutoka mgodi wa bati na sanduku la mbao, blanketi mbili na pumzi nusu. Sanduku na blanketi nilivihesabu mara mbili, ni desturi yangu. Pumzi haikuhitaji kuhesabiwa, ilisikika yenyewe. Akipanda kutoka mtoni alisimama katikati ya kilima na kutazama juu, kama mtu aliyeona ndege. Ndege gani huyo, kila siku pahali pale pale!

Kijiji chetu kilikuwa kwenye njia iendayo nchi ya Wamaza, na mimi nilikuwa nikiuza mafuta ya mawese na mchele katika soko la Kabambare. Siku moja ya soko nikampeleka kwa muganga wa dispensere. Huyo alikuwa mtu wetu, amefundishwa na Wabeleji, lakini maneno yake yalikuwa ya kwetu. Akamwekea sikio mgongoni, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, iko mchele kwako?"

"Iko. Unataka kilo ngapi?"

"Sinunui. Shona kifuko kidogo, utie mchele. Baba alale chali, umwekee juu ya tumbo, asubuhi na magaribi. Avute hewa mpaka kifuko kipande juu. Mutu akibeba mizigo mkono unapata nguvu, na misuli ya pumzi ni vile vile."

"Na kikishapanda?"

"Unaongeza kidogo."

Kuongeza kidogo! Maneno hayo alimwambia mwanamke ambaye maisha yake yote ni kuomba nyongeza.

Basi kila asubuhi nilikaa kando ya mkeka wake na kopo langu la kupimia. Kuku walikuja kudonoa kifuko, nikawafukuza. Yeye alivuta hewa, mchele ukapanda kwa shida kama mzee anayeinuka kitini, halafu ukashuka.

"Nusu kopo tena," nikasema.

"Wewe muke, hata tumbo langu unalipatania bei?"

"Usiongee. Ukiongea mchele unashuka."

Alicheka, mchele ukamwagika, tukaanza upya.

Mwezi wa pili yule ndege wa kilimani akapotea. Mume wangu alipanda kutoka mtoni bila kusimama. Akaanza kumaliza sentensi zake, halafu ugomvi wake. Ugomvi wa kwanza alioumaliza bila kukohoa, mimi ndiye niliyeshindwa, nikaenda nyuma ya jiko kulia kwa furaha.

Siku chache baadaye akachukua mti wa kubebea begani, akafunga bidoni, dumu la mafuta, kila upande.

"Mwanaume hakai nyumbani akiangalia muke anabeba," akasema. "Yule kijana unayemlipa chumvi akubebee mafuta, mwambie atafute kazi ingine."

Nikakubali palepale. Mimi, ambaye sijawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote, hata ya mchicha! Chumvi ya kijana yule ilinipita akilini kabla ya kifua cha mume wangu, na nikaisikia ikipita.

Njiani mimi nilitangulia na kitunga changu mgongoni, yeye nyuma. Kilima cha kwanza, kimya. Cha pili, mwisho wa kila pumzi ukatoka mluzi mwembamba. Bidoni inayovuja naitambua kwa sauti kabla sijaona tone. Lakini ule mluzi niliuacha upite, nikaendelea kutembea, nikijiambia ni upepo wa majani. Hapakuwa na upepo. Soko zima la siku ile nilikosea chenji, na nilipolala nilisikia mluzi ule ule kando yangu.

Soko lililofuata nikamsukuma tena kwa muganga, mizigo yetu tumeiacha mlangoni. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Misuli imekuwa mizuri sana," akasema. "Mmefanya kazi. Lakini kifua chenyewe ni kile kile, vumbi ya mgodi iko ndani, haitoki." Akatazama mlangoni, akaona mti na bidoni mbili. Akanitazama mimi, si yeye. "Pumzi hii ni ya kuishi nayo, mama. Si ya kupangisha."

Nikatoka, nikauchukua ule mti mimi mwenyewe.

Nyumbani nikaficha mti ule. Akaupata.

"Unataka watu waseme mgodi umenimaliza?"

"Usibebe kitu."

"Bidoni mbili."

"Hata moja."

"Moja haikai kwenye mti, muke wangu. Mti unataka pande mbili."

Alikuwa na haki. Tukapatana mpaka moto wa jiko ukazimika: bidoni mbili, kila moja nusu. Kwa nje hakuna atakayejua. Mimi nilitaka robo, yeye alitaka zijae. Ilikuwa bei ambayo haikumfurahisha mtu.

Safari hii nilimwacha atangulie. Kila kilima, kabla mluzi haujaanza, nilikaa chini.

"Tupumzike, baba watoto. Mgongo unaniuma."

Haukuniuma.

Sokoni aliweka bidoni zake chini polepole, watu wasisikie mafuta yakicheza, akawaambia wauzaji wenzangu, "Huyu muke wangu amezeeka! Kila kilima anaomba kupumzika. Angekuwa mbuzi ningemuuza."

Wakacheka. Katikati ya maneno hayo alivuta hewa mara mbili, na ni mimi peke yangu niliyeona.

"Ni kweli," nikasema. "Nisamehe, baba watoto."

Walidhani naomba msamaha wa miguu, si wa ile chumvi.