Fundi aliyefuta nyimbo za kwaya

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Adum, Kumasi, nchini Ghana. Kibandani mwake, fundi Afua Konadu anawasha kompyuta ya mteja. Nembo inatokea, inapotea, skrini inakuwa nyeusi tii.

"Si nimekwambia imekufa?" mteja analalamika.

"Hebu nyamaza kwanza, kaka." Afua anatega sikio. Mlio wa makaribisho unasikika. "Maiti gani anabisha hodi? Hii nzima. Picha imewekwa kubwa kuliko uwezo wa skrini yako."

Anaizima, anaiwasha tena kwa picha ndogo, anapunguza vipimo. Dakika nne, kazi imekwisha. Mteja anacheka. Afua hacheki.

Miaka mitatu iliyopita, mwalimu wa kwaya Yaw Boahen alimletea kompyuta yenye ugonjwa huohuo. Ilikuwa imeunganishwa na skrini kubwa ya kanisani, na skrini kuukuu ya nyumbani ikashindwa kuonyesha picha ya ukubwa ule. Ndani mlikuwa na nyimbo 140 alizotunga kwa Kitwi. Nakala nyingine hakuwa nayo.

"Lakini inaimba, mwanangu," mzee alimwambia. "Sikiliza."

"Nikamjibu, 'Mzee wangu, wewe shika kwaya, kompyuta niachie mimi,'" anasimulia Afua, macho chini. "Foleni ndefu, kiburi kimenijaa. Hata sikumuuliza mna nini ndani. Nikafuta kila kitu, nikaweka mfumo mpya. Picha ikarudi safi, nikajisifu."

Mzee hakumgombeza. Aliuliza tu, "Na nyimbo?" Afua anasema afadhali angemtukana.

Sasa kila Jumamosi, siku yenye wateja wengi, anafunga kibanda saa sita na kwenda kuandika nyimbo upya pamoja na mzee, mwenye miaka 78 na kumbukumbu inayomponyoka. Wanakwaya wanasaidia, ila kila mmoja anajua sauti yake tu.

"Mtu wa besi ukimwambia akuimbie wimbo, anakuletea mm, mm, mm! Wimbo wenyewe haujui," anasema Afua.

Wameokoa nyimbo 19. Wa ishirini ni ule wa harusi ya mzee, ambao ubeti wa katikati aliuimba mkewe, Birago, peke yake. Birago alikwisha kufariki, na mzee haukumbuki tena ubeti ule.

Afua alimsihi autunge upya. Mzee akakataa. Pasaka hii kwaya itauimba hivyohivyo, na ubeti wa Birago utaachwa wazi.

"Nitakaa mbele kabisa," anasema Afua. "Kwaya ikinyamaza, kila mtu ajue hapo ndipo nilipofuta mimi."