Maji Baridi ya Samaki wa Baba

Mwezi uliopita nilikaa kwenye foleni ya daktari wa meno hapa Masasi, shavu limenivimba, na pembeni yangu kulikuwa na tangi la vioo lenye samaki. Pampu yake ilikuwa ikinguruma taratibu, bulu bulu bulu. Wenzangu walitazama televisheni. Mimi, aminini msiamini, nililengwa na machozi, na hayakuwa ya jino.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Newala. Baba alikuwa mwalimu wa baiolojia, mtu wa Mikindani aliyeoa kwetu na kukaa kwetu, kwenye kiwanja cha Bibi mzaa mama. Mwaka ule alipata nafasi ya kwenda kusoma Mtwara. Miezi miwili kabla ya safari alimwendea fundi vioo akaundiwa tangi, akaleta madumu ya maji ya bahari na mawe yaliyonuka pweza, akapanga kila kitu sebuleni na kuwasha pampu. Samaki hakuweka. Wiki nne nzima! Alisema maji lazima yakomae kwanza, ukifanya haraka watakufa. Majirani wakaja kuangalia, wakaona mawe tu na maji yanayochemka bila moto. Na Newala yenyewe ndiyo ile, bomba linatoa maji siku moja, siku sita linakohoa. Habari ikaenea sokoni kwamba mwalimu anafuga maji.

Hatimaye akaja na samaki wawili ndani ya mfuko wa nailoni uliojaa hewa. Hakuwamwaga tu. Aliuacha mfuko uelee juu ya maji, akawaongezea kikombe kimoja kimoja cha maji ya tangini ili wasishtuke. Wa njano, aliyefukuza kila kitu hata kivuli chake, nilimwita Mwenyekiti. Wa mistari myeusi, mpole, wa kufuata nyuma, akawa Karani.

Siku ya kuondoka Baba alichora mstari kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya Mama. "Zuhura, maji yakishuka chini ya mstari huu, ongeza baridi. Kila siku, usisahau. Mwisho wa mwezi nitakuja na maji mengine ya samaki." Akatuachia na madumu mawili ya maji ya bahari, ya akiba.

Baridi! Sasa nyinyi mngefanya nini? Mimi na Mama tulishauriana kama wazee wa baraza. Samaki wa bahari hapewi maji ya kunywa, hilo hata mtoto mchanga analijua. Kwa hiyo kila asubuhi nilichota maji ya bahari kwenye dumu la akiba, nikayatia kwenye chupa, nikaifunga kwa gunia bichi na kuiegemeza kwenye mtungi mpaka ipoe, ndipo nikamimina. Umeme ukikatika tulikaa zamu na kikombe, kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, ili wapate hewa. Hata Bibi alishika zamu, akilalamika kwamba watoto wake wa kuzaa hakuwahi kuwabembeleza hivyo.

Bidii yangu ilikuwa na sababu yake. Mama Salma, jirani yetu, alikuwa amemwambia Mama, nami nikisikia, kwamba mwanamume wa pwani ni mgeni hata akijenga. Akishapata njia humwoni tena. Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilijisemea kwamba Baba atakuja mwisho wa mwezi kwa sababu ya samaki. Sasa samaki wasipokuwepo, je?

Ilikuwa Oktoba, joto la kupasua korosho. Maji yakashuka upesi nami nikaongeza upesi. Ukingo wa tangi ukaota ukoko mweupe. Wiki ya tatu nilimkuta Karani amekufa, nikamzika nyuma ya jiko bila kumwambia mtu. Jioni Baba akapiga simu, akauliza kama samaki hawajambo.

"Hawajambo, Baba. Wote wawili."

Mwongo mkubwa mimi. Siku mbili baadaye Mwenyekiti naye akajikunyata kwenye kona, anahema, hana hata nguvu za kufukuza kivuli. Bibi akapitisha kidole kwenye ule ukoko, akalamba, akatema. "Mboga hii imezidi chumvi," akasema. Nikaangua kilio, nikamweleza yote, nikidhani yeye ndiye atakayemwambia Baba.

Nilisahau jambo moja. Bibi na Baba walikuwa wakwe, na kwa heshima ya kwetu Bibi hakusema na mkwewe moja kwa moja. Miaka yote maneno yake yalipitia kwangu, hata wakiwa chumba kimoja. Alimwamuru Mama apige simu, kisha akanishikisha mimi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwambie baba yako Karani amekufa tangu juzi," Bibi alisema, kwa sauti ya kusikika Mtwara bila simu.

Nikamwambia. Baba akauliza kama tunaongeza maji.

"Kila siku, Baba. Ya baridi, kama ulivyosema. Tunayapooza yale ya dumu."

Nikasikia akijipiga kofi la paji la uso. "Ya dumu! Zuhura, maji baridi ni yale yasiyo na chumvi! Ndivyo tunavyoyaita sisi. Maji yakikauka chumvi inabaki humo humo, nanyi mnaongeza nyingine juu yake."

"Mwambie baba yako," Bibi akasema, "huku kwetu baridi ni baridi."

Baba alicheka, akaomba radhi, akaelekeza: toa kikombe kimoja, rudisha kimoja cha maji ya mvua, kidogo kidogo kwa siku tatu, usimshtue. Lakini mimi nilikuwa nimeshikwa na hofu, swali likanitoka. "Na huyu naye akifa, hutakuja tena?"

Baba aliacha habari za samaki.

"Nakuja Jumamosi," akasema.

Bibi alikwenda mwenyewe kwenye kisima chake cha maji ya mvua, kile alichokifunga kwa kufuli, akarudi na kopo. "Ujana wangu wote nimepandisha maji kichwani kutoka bondeni," akanung'unika, "kumbe nawachotea samaki." Lakini alimimina polepole, na hakuacha tone lidondoke sakafuni.

Mwenyekiti alipona. Jumamosi Baba alishuka kwenye basi na madumu mawili, suruali imelowa, ananuka bahari. Na kila mwezi, kwa miaka yote miwili ya masomo, alikuja hivyo hivyo. Nilimshukuru sana Mwenyekiti. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba yeye ndiye anayemleta Baba nyumbani.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kama kichekesho cha neno moja. Wiki iliyopita nilikuwa na kiroba cha mchele cha kumpelekea Baba Newala. Kazi zimenibana, nikampa konda wa basi pamoja na namba ya simu, na jioni Baba akakipokea. Nikiwa natoka stendi miguu ilisimama yenyewe. Mabasi ya Mtwara yalifika Newala kila siku, enzi zile kama leo. Majirani zetu walipokea kwa njia hiyo dagaa, vitabu, hata kuku hai.

Nikampigia, nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuyatuma yale maji.

"Konda angeyamwaga," akasema.