Kikombe Kilichonyamaza Kwenye Ngano

Hilaria alikuwa mtu wa kunusa maziwa mara mbili. Mara ya kwanza kama watu wote, mara ya pili baada ya kufika mlangoni na kurudi, kana kwamba maziwa yangeweza kuchacha kwa makusudi wakati ameyapa mgongo. Majirani zake kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba walimcheka. Mama Bura, aliyekaa nyumba ya pili na hakujua kunong'ona, alikuwa akisema, "Huyu akifika mbinguni atamuuliza Petro funguo amezipata wapi."

Hakuzaliwa hivyo, au kama alizaliwa hivyo, kwao haikuonekana. Kwao ni milimani, Mbulu, ambako nyumba zimekaa kwenye miteremko zikitazamana kama watu waliozunguka moto. Mtoto akiteremka mtoni, mama anamwona kutoka uani. Akipinda nyuma ya kilima, mama wa ng'ambo anamwona na kuita, "Wako huyu anachezea matope!" Kule jicho ndilo uzio. Hakuna mtu aliyemwita Hilaria mwenye shaka, kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama.

Kisha akaolewa na Sulle, na Sulle akapata kazi ya kuendesha kombaini, mashine ya kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali, huku chini kwenye tambarare za Hanang. Wakapewa nyumba ya matofali katika mstari wa nyumba zinazofanana. Jirani mmoja ametoka Singida, mwingine Mbeya, mwingine hasemi alikotoka. Kila mtu alikuja na jina lake bila ukoo wake. Hilaria alisalimia wote na hakumwamini hata mmoja.

Kitu kimoja alikipenda: ardhi yenyewe. Ilikuwa imelala wazi mpaka chini ya mlima. Kama huwezi kumwamini jirani, alifikiri, angalau hapa hana pa kujificha.

Letisia, binti yake wa pekee, alipofikisha miaka sita, shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya shamba ikafungua darasa la chekechea. Mwalimu wake aliitwa Ernestina, mwanamke wa makamo aliyepangiwa kazi kutoka Songea, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayowalazimisha watu wanyamaze ili wamsikie. Aliwaita kina mama akawaeleza utaratibu wake.

"Mwanzoni mlete mtoto mpaka mlangoni. Akizoea, mwishie getini. Akizoea, mwishie pale konani kwenye mgunga. Mwisho wa yote atoke kambini mwenyewe, na mchana arudi mwenyewe. Kikombe chake cha uji abebe mwenyewe. Na ukiaga, aga mara moja, geuka, nenda. Usichungulie dirishani. Mtoto akiona macho yako yanatetemeka, miguu yake nayo itatetemeka."

Hilaria akanyoosha mkono. "Shikamoo, mwalimu. Na akipotea?"

"Marahaba, mama. Njia ni moja. Atapotelea wapi?"

Kina mama wakacheka. Hilaria hakucheka. Swali lile, atapotelea wapi, alikwenda nalo nyumbani kama mwiba uliovunjikia kisiginoni. Jioni alimwambia mumewe, "Yule mwalimu hana mtoto. Asiye na mtoto ana haraka gani ya kuwatenga wenzake na watoto wao?"

"Mama Letisia," Sulle alisema huku akinawa mafuta ya mashine mikononi, "wewe utamshuku mpaka chaki yake."

Lakini alifuata utaratibu, maana mwalimu ni mwalimu. Alimleta mpaka mlangoni, kisha getini, kisha kwenye mgunga, mti pekee ambao majembe ya trekta yaliuacha, pale njia ya shamba inapokata kona. Na mwishowe akabaki ukingoni mwa kambi, mikono ameifumbata chini ya khanga, akimtazama mtoto anakwenda. Ngano wakati huo ilikuwa bado kama manyoya ya kifaranga. Letisia alionekana njia nzima, nukta ya buluu inayopungua, na kikombe chake cha bati kilichofungwa kwenye mkanda wa mfuko kikigonga kifungo cha mkanda: ti, ti, ti. Alipofika kwenye mgunga aligeuka na kupunga mkono. Hilaria naye alipunga. Hayo yalikuwa majuma mazuri.

Mvua zikanyesha, na ngano ikapanda.

Ikamla mtoto magoti, ikamla kiuno, ikamla mfuko. Kikabaki kichwa tu, kikielea juu ya majani kama kibuyu kinachochukuliwa na maji. Asubuhi moja Hilaria alisimama ukingoni na hakuona kitu. Upepo ulipita juu ya shamba, shamba lote likainama na kuinuka kwa pamoja, na mtoto wake alikuwa ndani yake mahali fulani. Kilichobaki ni kikombe. Alisimama akikisikiliza mpaka kikafa kwa umbali.

Kesho yake alivaa mabuti ya mpira ya mumewe, akashika mundu na kamba kama mtu anayekwenda kukata majani ya ndama, akamfuata.

Alimfuata siku hiyo na siku zilizofuata. Alikaa nyuma kwa umbali, akijiinamisha, akienda kwa sauti ya kikombe. Ikasimama, naye akasimama. Alijua anavunja utaratibu. Lakini alijiambia kwamba utaratibu ulitungwa wakati ngano ni fupi.

Kisha kikombe kikanyamaza.

Kilinyamaza karibu na kona. Hilaria alisubiri, akasogea, akapita mgunga, akaenda mpaka mwisho wa shamba, pale bati la shule linapoanza kung'aa. Hapakuwa na mtu njiani. Watoto walikuwa wamejaa uwanjani, wote wamevaa buluu. Atakuwa ameingia, alijiambia, na akarudi nyumbani. Yakawa hivyo tena na tena. Mchana Letisia alirudi, akala ugali, akacheza. Lakini Hilaria, anayenusa maziwa mara mbili, aliona mambo. Sketi ya mtoto ilikuwa na alama ya umande mpaka kiunoni, na anayepita katikati ya njia halowi kiunoni. Nyweleni mlikuwa na makapi. Na siku moja alipochukua kikombe kukiosha, alikuta kimejazwa majani ya ngano, yameshindiliwa kwa nguvu.

"Nani amekijaza hiki?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Letisia akatazama mlango. "Kinapiga kelele, mama."

Mtoto wa miaka sita anaficha sauti yake asisikiwe na nani? Nani amemfundisha? Hilaria hakuuliza zaidi. Aliogopa jibu litakalotungwa.

Siku iliyofuata alikutana na Mwalimu Ernestina dukani, wamepanga foleni ya sukari.

"Mama Letisia, nilitaka nikuone. Mtoto anachelewa kila siku. Kengele ya rimu inagongwa, tunaimba, tunakagua kucha, ndipo anaingia anahema. Mtoe mapema kidogo."

"Anatoka mapema, mwalimu."

"Basi njiani anafanya nini?"

Mtoto anatoka mapema. Yeye mwenyewe anafika mpaka mwisho wa shamba na hamkuti njiani. Na shuleni hajafika. Basi yuko wapi, na yuko na nani?

Alikuwa na jina tayari. Gidamis, mlinzi wa shamba, mzee mrefu wa Kibarabaigi aliyezunguka na baiskeli na rungu, ambaye kila asubuhi alionekana upande ule wa mgunga. Hilaria alimvizia konani mchana ule ule. Alimtuhumu, lakini kwanza alimwamkia, maana adabu ni adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mwanangu anapotelea hapa kila asubuhi. Wewe uko hapa kila asubuhi. Unamfanya nini?"

Gidamis alishuka kwenye baiskeli taratibu, akamtazama mabuti. "Ahaa. Kumbe ni wewe mwenye buti la namba tisa. Nalifuata buti hili mwezi mzima. Mtu anaingia kwenye ngano na mundu, anatoka na mundu. Nimekuwa nikisema, siku nikimkamata huyu mwizi atakuwa jitu kubwa."

"Mimi si mwizi!"

"Na mimi silindi watoto, nalinda ngano. Nilipokuwa mdogo kama huyo wako, hapa nilichunga ng'ombe. Leo nafukuza ng'ombe wa ndugu zangu wasiguse hapo hapo walipozaliwa. Unafikiri mtu kama mimi ana nafasi ya kuficha mtoto?" Alitema mate pembeni. "Lakini sikiliza, mama. Kuna kijia kinaingia ndani, hapo nyuma ya mti. Si cha buti. Mgambo wa ofisini wakikiona watasema ni maficho ya wezi wa masuke, na mume wako atafungasha virago. Kama ni wa kwako, mkataze."

Hilaria akakitazama kijia. Kilikuwa chembamba, kama cha sungura, na ngano ilikuwa imekifunika juu. Hakuthubutu kuingia mbele ya macho ya mlinzi. Alirudi nyumbani na uamuzi: Letisia hatakwenda tena. Atakaa uani mpaka awe mkubwa wa kuonekana juu ya ngano, hata kama wenzake watamwacha madarasa mawili.

"Mpe mpaka tuvune," Sulle alimwambia. "Kesho kutwa naanza na shamba lile lile. Ngano ikilala chini, kila kitu kitaonekana. Usimfunge mtoto kwa jambo ambalo hujaliona."

"Na nikiliona?"

"Ukiliona, amua wewe."

Letisia akakaa nyumbani. Alikaa kwenye kizingiti na mfuko wake mgongoni, hakuuvua, na hakulia. Hilaria aliona kule kutolia nako kuna jambo.

Siku ya kuvuna, vumbi la makapi lilisimama angani kama moshi. Kombaini ya Sulle ilikwenda na kurudi, ikiinyoa nchi. Ilipokaribia mgunga ikasimama. Mashine haisimami wakati wa mavuno bila sababu, na Hilaria alikuwa amekwisha kutoka mbio, amemshika mtoto mkono, kabla Sulle hajateremka ngazi. Gidamis naye alikuja akisukuma baiskeli.

Pale, hatua chache kutoka njiani, ngano ilikuwa imelazwa mviringo, mahali pa kukaa mtu mmoja mdogo. Mabua yalikuwa yamesokotwa kuwa kigoda. Mbele yake mtu alikuwa amefungua masuke kwa uangalifu, akaacha tundu kama dirisha. Hilaria alipiga magoti akachungulia. Tundu lilitazama njia. Halikutazama upande wa shule. Lilitazama upande ambao yeye alikuwa akitokea na mabuti yake.

"Letisia," alisema. "Ulikaa hapa na nani?"

"Peke yangu."

"Ukifanya nini?"

"Nakusubiri."

"Mimi?"

Mtoto alimtazama baba, akamtazama mlinzi, akaona hakuna pa kukimbilia. "Ulikuwa unanisindikiza. Nasikia viatu vya baba. Na mgeni akisindikizwa hawezi kumwacha aliyemsindikiza arudi peke yake porini. Bibi alisema. Kwa hiyo nilikuwa najificha, unapita, unakwenda mpaka kule, halafu unarudi. Nikawa nakufuata nyuma mpaka nione umeingia kambini. Ndipo naenda shule." Akavuta makamasi. "Kikombe kingenisema."

Gidamis akageuza uso upande wa mlima, mabega yakitikisika. "Nimelinda shamba hili miaka mingi," alisema, "sijaona doria kama hii."

"Kwa nini hukuniambia?" Hilaria akauliza.

"Ulikuwa unajificha, mama. Nikadhani hutaki nijue kwamba unaogopa."

Sulle alipanda ngazi. Kombaini ikanguruma na kukipitia kile kiota.

Kwao Mbulu msindikizaji harudi mpaka mgeni aseme neno. Unaweza kumsindikiza mtu mpaka kijito, mkasimama, mkazungumza, yeye akakurudisha mpaka nusu ya njia, na mambo hayo yakaendelea mpaka jua linamfika mtu utosini, kwa sababu tu mgeni ameona haya kusema inatosha. Hilaria alijua hivyo tangu utotoni. Hakuwahi kufikiri kwamba katika ile njia ya shamba mgeni alikuwa ni mtoto, na kwamba neno la kusema inatosha lilikuwa la mtoto.

Asubuhi iliyofuata nchi yote ilikuwa mabua mafupi, wazi mpaka shuleni. Alimfunga Letisia mfuko, akakung'uta kikombe, na akatoka naye mpaka ukingoni mwa kambi. Letisia akaendelea. Hilaria naye, miguu ikamponza, akaendelea hatua chache nyuma yake, waziwazi, bila mundu. Walikwenda hivyo mpaka konani. Kwenye mgunga mtoto akasimama, akageuka, akakunja uso kama mtu mzima mwenye safari.

"Asante, mama. Inatosha. Rudi."

"Umesema wewe mwenyewe?"

"Nimesema. Lakini ukishaondoka usigeuke nyuma, nami sitageuka. Ukigeuka nitakufuata."

Hilaria akageuka mara moja, kama mwalimu alivyosema, akaenda. Upepo ulikuwa mgongoni kwake. Nyuma yake kikombe kilianza, ti, ti, ti. Shingo ilimwuma kwa kutaka kutazama. Nchi ilikuwa tupu, angeweza kumwona mpaka getini kwa kugeuza kichwa tu, na ndiyo maana ilikuwa vigumu. Akasikiliza. Huyu mtoto ni mjanja, alifikiri. Anaweza kukishika kikombe mkononi, akakitikisa papo hapo, na kumbe anakuja nyuma.

Lakini sauti ilikuwa inapungua. Alipunguza mwendo ili awe na hakika, na bado ilipungua. Alipofika kwenye nyumba ya kwanza haikusikika tena, na kutoka mbali rimu ikagongwa. Mama Bura alikuwa anafagia.

"Leo umerudi mapema. Mtoto yuko wapi?"

"Ameniambia nirudi," Hilaria alisema.

Akaingia ndani, akanusa maziwa. Alifika mlangoni, akasimama na mkono kwenye mwimo, kisha akatoka kuanika nguo.